Maziwa Yalimwagika

Kwetu Telemark, kila Krismasi, baada ya mbavu za nguruwe,
Mjomba Sveinung hulitoa jino kwenye kisanduku cha ugoro
na kulipitisha mezani.
Jino la dubu. Dubu aliyeuawa na Talleiv, babu yake Bibi Aslaug,
kwa kisu cha mkate, peke yake, gizani.
Watoto hulishika kwa vidole viwili.
Mimi pia niliwahi kulishika hivyo.

Bibi alisimulia polepole, macho kwenye sindano za kufumia,
na kila mara alipita pale pale:
"Dubu akanguruma, maziwa yakamwagika, Talleiv akachomoa kisu."
Nilikuwa na miaka tisa nilipouliza, maziwa yapi?
Akahesabu vitanzi vyake. Akasema, kula.

Lisemwalo lipo.
Haya, nikaenda kutafuta lilipo.

Majira matatu ya baridi nimekaa katika chumba cha nyaraka mjini
na vitabu vya kanisa, mwandiko umelala
kama shayiri iliyopigwa na mvua ya mawe.
Nikawapata akina Talleiv watatu katika shamba moja,
maana zamani mtu aliitwa kwa shamba alilolala;
akihama, jina analiacha mlangoni.
Wa kwanza alikufa kwa ndui.
Wa pili alitorokea Amerika na deni la mbuzi kumi na mmoja.
Nusura nimchukue huyo, alikuwa na harufu ya ushujaa.
Wa tatu ndiye wetu:
kabatizwa Oktoba, 1843.

Na dubu? Dubu yupo.
Yumo katika daftari la mkuu wa wilaya, orodha ya zawadi za wanyama wakali:
tai wawili, mbwa mwitu, kisha, tarehe kumi na nne Julai,
mwaka ule ule,
dubu jike mmoja, kwa shoka, saa ya kukama, malisho ya mlimani.
Dala tano zimelipwa kwa
Ingerid, mtumishi.

Julai. Oktoba.
Nilihesabu kwa vidole.
Nikakirudia kitabu cha ubatizo, safu ya wazazi:
mama, Ingerid, mtumishi. Baba, mstari mtupu.
Pembeni kasisi ameandika kwa wino mzito: si halali.
Na mimi miaka yote nilikuwa natafuta kilicho halisi.

Basi Talleiv hakuwa na kisu.
Ngumi zake zilikuwa punje mbili za harage.
Lakini nani atasema hakuwapo?
Alikuwapo, karibu kuliko shahidi yeyote,
akiusikia mngurumo kupitia maji,
na moyo wa mama yake ukigonga juu yake, ukigonga,
hadi shoka lilipotua.

Halafu watu wakakaa, wakapanga.
Msichana mwenye tumbo na asiye na mume
hana kiti kwenye hadithi ya Krismasi.
Wakamvua dubu wake, wakamvika mwanawe.
Shoka wakalinoa hadi likawa kisu.
Ndoo tu waliisahau.
Mwanamume gani wa enzi ile, milimani kwetu, alibeba ndoo ya maziwa?
Yakimwagika hayazoleki, ni kweli;
lakini maziwa, tofauti na maji, huacha doa.

Jino nililiazima, nikalipeleka kwa daktari wa mifugo.
Aliligeuza mara moja tu.
Nguruwe, alisema. Tena mzee.

Sikumwambia mjomba. Ana miaka themanini na minne,
na mengine mtu huyajua ili ayanyamazie.
Ila Krismasi iliyopita, jino likiwa mkononi mwa Eldrid, mdogo wetu,
yeye akauliza: maziwa yapi?

Visu vikatulia kwenye sahani.
"Ya Ingerid," nikasema.

Mjomba Sveinung hakushtuka. Alitazama mshumaa.
"Mama alilitaja jina hilo," akasema.
"Mara moja. Alikuwa na homa.
Nilidhani ni ng'ombe."